Kipele Kilichofutwa

Benchi la kona hii zamani lilikuwa mlango wa ghala. Bawaba zilipolika kwa kutu, fundi mmoja aliulaza ule mlango juu ya matofali mbele ya studio ya picha, na tangu siku hiyo ubao uliozoea kuzuia watu ukapata kazi ya kuwakalisha. Hukaa hapo Wembe, kinyozi wa mlango wa pili, anayekuja kati ya kichwa na kichwa, nywele za watu zikiwa bado zimemshika kwenye mikono ya shati. Hukaa hapo Hakimu, mzee aliyebeba mafaili ya mahakama ujana wake wote bila kumhukumu hata kuku, akastaafu, na sasa anahukumu kila kinachopita. Hukaa hapo Bi Birika juu ya kigoda chake, na jiko lake la makaa, na birika lake lenye tumbo jeusi. Kahawa anauza, maoni anatoa bure. Na hukaa hapo Lenzi, mwenye studio, chini ya maneno aliyoyaandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango wake mwenyewe: KINACHOPITA NAFUTA, KINACHODUMU NAACHA. Benchi lina sheria moja tu. Anayemiminiwa kikombe cha mwisho ndiye anayekata shauri la siku hiyo. Akishasema, watu wanainuka, na mwenye ubishi wake aulaze mpaka kesho.

Alasiri hii Lenzi alikuwa ameshika kikombe kilichopoa. Kwapani amebana bahasha, na ndani ya bahasha wasichana wawili walikuwa wanacheka kicheko kimoja. Mapacha. Gauni moja, msuko mmoja, hereni za namna moja. Mtaa uliwaita Tangulia na Fuata, kwa jinsi walivyofuatana kuzaliwa. Wiki iliyopita Fuata alishikwa na homa, na homa ikamshinda, amezikwa. Asubuhi ya leo mjomba wao alipiga simu. Kesho ndugu wanakutana nyumbani kumkumbuka marehemu, na mama anataka picha yake mezani. Ikatwe kutoka kwenye ile waliyopiga wawili, ikuzwe, iwekwe fremu, yeye mwenyewe atapita na pikipiki yake kabla jua halijazama. Lenzi akasema ndiyo, poleni sana, hakuna tabu. Kisha akafungua picha, akaitazama, na jasho likamtoka mgongoni kama mtu aliyeitwa jina lake gizani. Siku ya kupiga, Fuata alikuwa na kipele kidevuni, chekundu, kimeiva kama punje ya mtama. Lenzi alikuwa amekifuta. Na bila kile kipele, hakujua tena yupi ni yule aliye hai na yupi ni yule aliyezikwa.

— Hivi jamani, kipele cha siku mbili ni cha mtu, au si cha mtu?

Aliuliza huku akijifanya kupuliza kahawa isiyo na moshi. Wembe akawahi, maana Wembe huvuta pumzi ya kujibu kabla swali halijaisha.

— Kipele ni cha anayekikuna, kaka. Kimekutoka wapi?

— Si mimi. Nauliza mambo ya kazi. Mtu kaja na kipele, umempiga picha. Unakifuta, hukifuti?

Hakimu akageuza shingo kuyasoma maneno ya juu ya mlango, ingawa amekaa chini yake tangu rangi ikiwa mbichi.

— Hukumu si hiyo hapo? Umeandika mwenyewe, kwa mkono wako, kwa rangi yako. Sasa unakata rufaa kwa nani?

— Nasikiliza tu maoni, mzee.

— Mtu akianza kusikiliza maoni, ujue keshaharibu, — alisema Bi Birika, akammiminia Hakimu.

Lenzi alilitazama birika lilivyoinama. Kidogo tu. Bado lilikuwa zito, na yeye akashukuru, bila kujua anashukuru nini.

— Mimi nasema kifutwe, — alisema Wembe. — Kipele ni mgeni asiyealikwa. Mtu kaja kupigwa picha yeye, hakuja yeye na kipele chake. Mbona mimi mtu akija na ndevu simrudishi nazo? Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Leo umeacha kipele, kesho umeacha tongotongo, keshokutwa unampiga mtu na kamasi zake.

— Hiyo methali ni ya akiba, wewe.

— Na uso si akiba?

Hakimu alipiga goti lake kwa kiganja, mara mbili, kama alivyoona wenye madaraka wakipiga meza.

— Wahenga hao hao walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sasa sikilizeni sheria. Kipele cha siku ya kwanza, mgeni. Cha siku ya pili, mgeni. Kikilala usiku wa tatu kwenye uso wa mtu, huyo ni mwenyeji. Ana haki ya makazi. Kumtoa, mpaka umpe notisi.

— Notisi kwa kipele!

— Ya maandishi.

— Na kovu je, mzee?

— Kovu lina hati ya kiwanja.

— Na alama ya kuzaliwa?

— Hiyo ndiyo mwenye nyumba. Wewe ndiye mpangaji.

Benchi likacheka mpaka ubao ukalia. Lenzi naye akacheka, lakini akiwa amechelewa, kama mtu anayecheka kwa lugha ya kujifunza. Pikipiki ilipita, akageuka haraka kuitazama. Haikuwa ya mjomba. Bahasha ikamkwaruza kwapani.

— Ngojeni niwaambie kitu, — alisema Bi Birika, akichokoa makaa. — Picha yangu ya harusi. Alfajiri ile mbu alikuwa kanibusu hapa, juu ya mdomo. Pamevimba, natabasamu upande upande kama mlango usiofungika. Mpiga picha akautoa uvimbe, akaunyoosha mdomo, akanifanya mtu. Picha ikatundikwa. Basi marehemu mume wangu, kila tukigombana, ananigeuzia mgongo anatazama ukutani: "Mbona huyu hana maneno?" Maisha yangu yote ya ndoa nimeishi na mke mwenza wa fremu.

— Mke mwenza asiyekula, asiyeugua, — alisema Wembe. — Ungemshukuru. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

— Hiyo sasa umeipeleka wapi?

— Kidonda si kipo? Cha mbu?

— Hapo ndipo nilipotaka mfike, — alidakia Hakimu, na hakuna aliyejua ni wapi. — Kufuta kipele ni kuharibu ushahidi. Nimebeba mafaili mie, msinitazame hivi. Chukulia mtu kashtakiwa kwamba Jumanne kaiba mbuzi. Jumanne ile alikuwa na kipele puani, mtaa mzima umekiona. Anasimama kizimbani: Mheshimiwa, Jumanne mimi nilikuwa studio, picha hii hapa. Picha inatazamwa. Kipele hakuna. Basi si ya Jumanne. Basi hakuwa studio. Basi mbuzi kamwiba. Mtu anakwenda jela, na aliyemfunga ni nani? Lenzi!

— Na mbuzi je?

— Mbuzi keshaliwa. Tunazungumzia haki.

Kutoka kibandani kwa kinyozi ikaja sauti ya kulalamika.

— Wembe! Umeniacha nusu kichwa!

— Nusu iliyobaki haikimbii! Nakuja, ubishi ukiisha!

Wembe alikaa vizuri zaidi, ishara ya mtu asiyekwenda popote.

— Mimi naingia ndani zaidi ya mzee. Uso wako si wako. Ndiyo, nimesema. Umewahi kuuona? Kioo kinakugeuza, kushoto kulia. Picha inakudanganya. Pahali pekee kichwani unapoweza kusema "hapa pangu" ni kisogoni, tena kwa kupapasa. Uso ni wa wanaokutazama. Kwa hiyo kipele ni mali ya mtaa. Kikitakiwa kufutwa, tupige kura.

— Tupigie kura kipele cha mtu?

— Na wenye vipele wasipige. Wana maslahi.

— Wembe, wewe kazi yako imekuroga tu, — alisema Bi Birika. Akamjazia kikombe. Birika liliinama zaidi kuliko mara ya kwanza.

— Tena ngojeni, sijamaliza! Siku ya mwisho. Watu wamefufuliwa, foleni ndefu, malaika yuko mlangoni na picha zenu mkononi. Anatazama picha, anatazama uso. Picha, uso. Unafika wewe. Picha yako kaisafisha Lenzi, laini kama yai. Uso wako uko vile vile ulivyolala nao. Malaika anatikisa kichwa. Anasema, "Huyu siye."

Kikombe kilimtoka Lenzi mkononi. Hakikuvunjika, kilidunda kwenye vumbi, kikalala ubavu, na kahawa yote aliyokuwa hajainywa ikamwagika kwenye kiatu chake. Hakuinama kukiokota.

Bi Birika alimtazama. Alimtazama kama anavyotazama makaa yaliyovaa jivu, akijua moto umejificha wapi.

— Lenzi, baba. Hilo si swali la kazi.

Hapo ndipo alipotoa bahasha kwapani. Akawaambia. Aliwaambia kwa maneno machache, moja moja, kama mtu anayeshuka ngazi isiyo na mkono wa kushika: simu ya mjomba, meza ya kesho, kipele kile, na mkono wake uliokifuta. Alipomaliza, Wembe aliinua mkono kuvua kofia, akakuta hana kofia.

— Fuata, — alisema Bi Birika taratibu. — Aliyeitwa Fuata ndiye katangulia.

Picha ilipita mikononi mwao. Kisha maswali yakaanza, yote kwa sauti ya chini.

— Si unayo ile ya kwanza? Kabla hujafuta?

— Kompyuta imejaa mpaka kooni, Wembe. Nikisafisha picha naihifadhi juu ya ile ile. Safi inakaa, chafu inaondoka.

— Na ya kwenye kamera?

— Kadi niliifuta nikapigia picha za mahafali.

— Kwa hiyo umefuta kipele, — alisema Hakimu, akihesabu kwa vidole, — ukafuta picha ya kipele, ukafuta na kadi iliyobeba picha ya kipele. Hata wezi niliowabebea mafaili hawakuwa na usafi huo.

— Mzee!

— Nasema ukweli, Bi Birika.

— Ukweli uuseme ukiwa na dawa yake. Lenzi, nyumbani hawana nyingine?

— Tangu wachanga wanapigwa wawili wawili, gauni moja. Simu yake imefungwa kwa namba ya siri, na namba kaondoka nayo. Iko ya kitambulisho, mama kaikataa. Kasema humo mwanangu yuko kama mtu aliyekamatwa.

— Basi peleka hiyo hiyo ya wawili, — alisema Wembe. — Wakae mezani wote.

Lenzi alitikisa kichwa.

— Mjomba kaniambia maneno ya mama yao vile vile yalivyo. Kasema, "Nimebakiwa na mmoja. Msiniwekee huyo mmoja pale mezani."

Mtu wa nusu kichwa alikuwa ametoka kibandani, kitambaa cheupe shingoni, tayari kugomba. Alipoona nyuso zao akasimama alipo.

— Lete hapa, — alisema Wembe hatimaye. — Uso utanidanganya, nywele hazinidanganyi. Huyu wa kulia, ona, nywele zake zinaanzia chini kidogo kwenye paji. Fuata nilikuwa namjua, alikuwa akija kumsubiri kaka yake. Huyu ndiye. Au, ngoja. Huyu wa kushoto naye...

Akaigeuza picha, akaisogeza kwenye mwanga, akaiondoa kwenye mwanga.

— Nywele nazo zimeanza kunidanganya, — alisema.

— Tazama kicheko, — alisema Hakimu. — Marehemu alikuwa mchangamfu.

— Mzee, mtu akishakufa wote husema alikuwa mchangamfu.

— Basi macho. Anayekaribia safari macho yake hutazama mbali.

— Wote wawili walikuwa wananitazama mimi, — alisema Lenzi. — Nilikuwa nawachekesha. Nilijifanya kamera inaniuma.

— Walisimamaje? Mkubwa hukaa kulia, hiyo inajulikana.

— Kila nikisema tayari, wanabadilishana. Mmoja anazunguka nyuma ya mwenzake, wanaanza upya kucheka. Ndio mchezo wao. Sikuhangaika kukumbuka, maana kipele kilikuwepo. Nilikuwa najua.

Wembe alisimama, akakaa, akasimama tena.

— Chora kipele! Kompyuta si inaweza? Iliyokitoa ikirudishe!

— Kwa nani, Wembe?

Wembe akafungua mdomo. Akaangalia kulia kwa picha, akaangalia kushoto kwa picha. Akakaa.

— Basi weka yeyote, — alinong'ona. — Sura moja, kicheko kimoja. Liwalo na liwe. Nani atajua?

— Mimi, — alisema Lenzi.

— Na yule aliyebaki, — alisema Bi Birika. — Mtu anaingia sebuleni kwao, anajikuta yuko mezani, kafa. Hapana. Mpeleke kwa mama. Mama anajua. Mimi nilizaa watano, hata kikohozi chao nakijua gizani.

— Kikohozi, ndiyo. Hii ni karatasi, — alisema Lenzi. — Nimwendee mfiwa nimwambie, samahani mama, nichagulie mwanao? Na akikosea je, Bi Birika? Akikodoa macho, akakosa? Nitakuwa nimemfanyia nini yule mama?

Bi Birika alichukua kijiti, akachokoa makaa ambayo hayakuhitaji kuchokolewa. Jua lilikuwa limeshuka mpaka kwenye paa la ng'ambo, na kivuli cha nguzo kilikuwa kinavuka barabara polepole kikija upande wao.

— Mwenyewe alisemaje? — aliuliza bila kuinua kichwa. — Siku ile. Ulimwuliza?

Hilo ndilo swali Lenzi alilokuwa analikimbia tangu asubuhi. Lilimkuta amekaa.

— Sikumwuliza. Alisema mwenyewe. Nilikuwa napanga taa, nikamtania: hicho kidevuni ni mgeni, nitamfukuza. Akashika kidevu. Akasema, "Anko, hiki usikitoe. Tangu kimetoka, hakuna aliyeniita Tangulia. Hata muuza duka ananiita Fuata toka mbali. Kiache." Mwenzake akacheka, na yeye akacheka, na mimi nikacheka. Nikadhani ni utani.

— Ukakifuta.

— Wala sikuamua, Bi Birika. Nilikuwa nasafisha, nimekwenda, nimefika kidevuni, mkono ukapita. Mkono umezoea. Ndiyo kazi yenyewe. Kinachopita...

Hakumalizia. Hakuna aliyeinua macho kuyatazama maneno ya juu ya mlango, lakini kila mmoja alihisi yapo, kama mtu anavyohisi kusomwa mgongoni.

— Mzee, — alisema Wembe, — hukumu yako?

Hakimu alifuta miwani yake kwa ncha ya shati, akaivaa, akaivua.

— Sina.

Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutamkwa na mzee huyo juu ya ubao ule. Akaliona yeye mwenyewe limekuwa dogo, akaliongezea:

— Sheria ya benchi ipo. Kikombe cha mwisho kitasema.

Bi Birika alilinyanyua birika, akalipima kwa mkono. Lilikuwa jepesi. Kitu kidogo tu kilichezacheza chini kabisa, kikombe kimoja, pengine na tone. Wote walikisikia. Hakimu, taratibu, akakigeuza kikombe chake juu chini, akakiweka ubaoni. Wembe naye akageuza chake. Lenzi akaokota chake kwenye vumbi, hakukifuta hata vumbi, akakigeuza. Watu watatu ambao siku zote hugombania kikombe cha mwisho kama watoto wanaogombania sufuria, leo wamekaa wamefunika vikombe vyao kwa viganja.

— Shikamooni.

Walitazamia sauti ya mjomba. Haikuwa ya mjomba. Aliyesimama mbele yao alikuwa msichana mwenye leso kichwani na viatu vya kutembelea nyumbani, na uso wake ulikuwa ule ule uliolala ubaoni mara mbili. Mtu wa nusu kichwa alirudi nyuma hatua moja. Lenzi aliona midomo ya Wembe ikitafuta jina la kumwita, ikiogopa kukosea, hata sasa, hata aliyebaki akiwa ni mmoja tu.

— Marahaba, mwanangu, — alisema Bi Birika. — Poleni. Poleni sana.

— Tumeshapoa, bibi.

— Kaa, mama. Kaa hapa.

Tangulia alikaa ukingoni mwa benchi, pale pale Wembe alipomwachia.

— Mjomba alikuwa aje yeye, — alisema. — Nikamwambia nitakuja mimi. Nyumbani kumejaa watu, na kila anayeingia akiniona analia upya. Hata mama. Ananitazama, halafu ananitazama tena. Nikaona bora nitembee kidogo.

Mkono wa Bi Birika ulifanya kile ulichozoea kufanya mfiwa akikaa. Ulichukua kikombe safi, ukanyanyua birika, ukamimina. Birika likainama, likainama zaidi, likalala kabisa. Kahawa ikaja nyembamba, ikaja kwa matone, likaja tone la mwisho limebeba machicha. Hapo ndipo mkono ulipokumbuka. Bi Birika akawatazama wenzake. Hakuna aliyeitaja sheria, na msichana hakuijua, lakini wote waliiona imekaa mkononi mwake, inafuka moshi.

Akanywa kidogo. Akashukuru.

— Iko tayari, Anko?

Lenzi alikuwa ameandaa maneno. Asubuhi nzima aliyaandaa, akayapanga, akayasafisha. Alipofungua mdomo hayakuwemo. Akanyoosha mkono tu, akampa ile picha ya wawili.

Tangulia aliweka kikombe ubaoni, akaipokea kwa mikono yote miwili. Kwanza alitabasamu. Tabasamu lilikuja lenyewe, bila kuitwa, na kwa kitambo kile alikuwa amefanana kabisa na karatasi. Kisha kidole chake kikashuka kwenye kidevu cha wa kulia, kikatulia. Kikaenda kwenye kidevu cha wa kushoto. Kikarudi.

— Kile kipele kiko wapi?

— Nilikifuta, mwanangu.

— Chote?

— Chote. Na ya zamani sinayo. Nisamehe.

Hakumgombeza. Lenzi alisubiri agombezwe, na moyo wake uliomba agombezwe, maana hilo angeweza kulibeba. Lakini msichana alikuwa bado anatazama. Aliisogeza picha karibu mpaka pumzi yake ikaigusa. Akaipeleka mbali, mkono umenyooka.

— Aliniambia hakuna shida tukibadilishana, — alisema, kama anayezungumza na mmoja wa wale wawili. — Alisema, "Zunguka tu, safari hii tutajulikana."

Macho yake yalikwenda kulia, yakaenda kushoto, yakarudi kulia. Mkono wake mmoja ukapanda, ukagusa kidevu chake mwenyewe, ukapapasa, laini, hakuna kitu. Akawatazama mmoja mmoja: kinyozi anayejua vichwa, mzee anayejua hukumu, mama anayejua vikohozi gizani, na mpiga picha.

— Sasa, Anko, — aliuliza, — mimi ni yupi?

Wembe alitazama viatu vyake. Hakimu alivua miwani yake. Lenzi aliitazama picha kichwa chini miguu juu, kutoka upande wake, na wote wawili walikuwa wanamcheka bado, kwa sababu kamera ilikuwa inamuuma. Bi Birika alilinyanyua birika, akalitikisa karibu na sikio, kana kwamba ndani yake kungeweza kuwa na tone jingine, na kikombe kingine, na mtu mwingine wa kukata shauri. Akalitikisa tena.

Halikulia kitu.